Hedifoni zinazoafiki amplifaya za kale: Santuri zisikike, masikio yasiumie

KATIKA nyumba nyingi za wastaafu nchini, bado kuna kona moja ya sebule ambayo watoto wameonywa wasiiguse. Hapo pamewekwa mashine ya kuchezea santuri yenye kifuniko cha plastiki kilichofifia, amplifaya nzito ya rangi ya fedha yenye vifundo vikubwa vya kuzungusha, na safu ya santuri zilizonunuliwa enzi za VOK, majalada yakiwa yamechakaa pembeni.

Vyombo hivyo viliundwa kwa ajili ya nyumba yenye nafasi na majirani wa mbali. Leo hii mwenyewe huenda anaishi katika ghorofa ambayo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba kikohozi cha jirani husikika, na mjukuu yumo chumbani akijiandaa kwa mtihani. Spika kubwa za mbao zimegeuka kuwa meza za kuwekea maua.

Vijana nao wameanza kuyarejelea mambo haya. Vibanda vya santuri kuukuu, kikiwemo kile maarufu cha soko la Kenyatta jijini Nairobi, huwavutia wateja ambao hawakuwa wamezaliwa nyimbo hizo zilipokuwa zikirekodiwa. Wengi wao wanaishi katika chumba kimoja au viwili, na kwao spika si jambo la kufikiriwa.

Suluhisho ambalo humjia kila mmoja akilini ni vipokea sauti vya masikioni, au hedifoni kama zinavyojulikana na wengi. Mtu huingia dukani, akachagua zile zinazosifiwa na wauzaji wa simu, akarejea nyumbani na kuzichomeka. Ndipo maajabu huanza. Besi huvimba hadi kuimeza sauti ya mwimbaji. Kifundo cha sauti kikiguswa kidogo tu, muziki hulipuka. Na baada ya nusu saa, masikio huwa yamepata joto na utosi unauma.

Mara nyingi lawama hutupiwa santuri au amplifaya. Ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika. Kilichotokea ni kuwa vyombo vya vizazi viwili tofauti vimeozeshwa bila kuulizwa.

Ili kuelewa chanzo cha ugomvi huo, yafaa kurudi nyuma kidogo. Hedifoni hazikuanza kama kifaa cha starehe. Mnamo 1910, Mmarekani Nathaniel Baldwin, aliyekuwa akiunda vifaa vyake jikoni kwake katika jimbo la Utah, alivipeleka kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambalo lilivitumia kusikilizia mawasiliano ya redio. Kampuni ya Ujerumani ya Beyerdynamic ilitoa DT 48 mnamo 1937. Hata hivyo, ni John Koss wa mji wa Milwaukee, Marekani, aliyewafanya watu wa kawaida waanze kuzivaa nyumbani kwa ajili ya muziki, alipozindua hedifoni zake za stirio, SP/3, mwaka wa 1958.

Miaka kumi baadaye, mnamo 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani iliuza HD 414, hedifoni nyepesi zenye sifongo za rangi ya manjano na mgongo ulioachwa wazi ili hewa na sauti vipite. Zilipendwa mno. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba ukinzani wake wa umeme ulikuwa omu 2,000. Hedifoni nyingi zinazouzwa leo kwa ajili ya simu zina omu 16 hadi 32.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tatizo lote.

Amplifaya za miaka ya sabini hazikuwa na mtambo maalum wa hedifoni. Watengenezaji walichukua umeme uleule uliokuwa ukienda kwenye spika, wakaupitisha katika rezista, moja kwa kila upande, kisha wakaupeleka kwenye tundu la mbele. Rezista hizo aghalabu zilikuwa za omu mia moja na zaidi, na zile za omu 220 au 330 zilikuwa za kawaida kabisa. Kazi yake ilikuwa kuipunguza nguvu ya spika isiunguze kifaa kidogo kinachovaliwa kichwani.

Mpango huo haukuwa wa ujanja wala uzembe. Ulifanya kazi vyema kwa kuwa hedifoni nyingi za enzi hizo, hasa za Ulaya, zilikuwa na omu mia kadhaa. Aliyenunua AKG K240 ya Austria katikati ya miaka ya sabini, kwa mfano, alipata omu 600. Rezista ya omu 330 kwake haikuwa kizuizi kikubwa.

Mambo hugeuka hedifoni inapokuwa na omu 32. Ukinzani wa hedifoni nyingi hauko sawa katika noti zote, bali hupanda kwenye besi, pale ambapo utando wa ndani hupenda kutikisika wenyewe. Chukua mfano wa hedifoni ya omu 32 ambayo kwenye besi hupanda hadi omu 70. Ikichomekwa kwenye amplifaya yenye rezista ya omu 330, hesabu inaonyesha kwamba besi itapata karibu mara mbili ya volti inazopata sauti nyingine, yaani ongezeko la takriban desibeli sita. Hiyo ndiyo besi inayovimba. Mwimbaji hajanyamaza, amefunikwa.

Sasa chukua hedifoni ya omu 300 ambayo hupanda hadi omu 500 kwenye besi. Kwa rezista ileile, ongezeko ni desibeli mbili hivi. Wapo wanaoliona hilo kuwa pambo, kwani huipa santuri ya zamani mwili kidogo.

Kuna wanaoamini kwamba omu nyingi zinahitaji nguvu nyingi, na kwamba amplifaya kuukuu haitaziweza. Hofu hiyo ina msingi kwa simu, lakini si kwa chombo hiki. Amplifaya ya wati 30 kwa spika za omu nane hutoa volti zipatazo 15 na nusu. Baada ya kupita kwenye rezista ya omu 330, hedifoni ya omu 300 bado inaweza kupata zaidi ya volti saba, yaani zaidi ya miliwati 170. Hiyo ni nguvu ya kuumiza masikio, seuze kusikilizia.

Kwa hivyo mnunuzi mwenye amplifaya ya miaka ya sabini au themanini anafaa kuanza kwa kuuliza idadi ya omu kabla ya kuuliza rangi. Kuanzia 250 hadi 600 ni salama kwake. Miongoni mwa zile zinazotajwa sana na wapenzi wa vyombo vya kale ni Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka wa 1997, na ndugu yake HD 650 ya 2003, zote za omu 300; pia Beyerdynamic DT 880 na DT 990 za omu 250 au 600.

Hapa pana mtego. Jina moja linaweza kubeba bidhaa tofauti. Hedifoni za Beyerdynamic za jina lilelile zimekuwa zikiuzwa kwa omu 32, 80, 250 na hata 600, na tofauti huonyeshwa kwa maandishi madogo. AKG K240 iliyokuwa na omu 600 zamani, leo inapatikana kama K240 Studio yenye omu 55. Mtu aliyesimuliwa na baba yake juu ya K240 akaenda kununua ya kisasa, atakuwa amenunua jina tu.

Kipo kikundi kimoja kinachoikwepa sheria hii. Hedifoni zenye utando bapa unaotikiswa kati ya sumaku huwa na ukinzani usiopanda wala kushuka, hivyo rezista za amplifaya hazivurugi mizani ya sauti hata kama omu ni chache. Kasoro yake ni uzani. Nyingi hupita gramu 350, na nyingine hukaribia au kupita gramu 500, ilhali HD 600 ina takriban gramu 260. Kwa mtu anayetaka kusikiliza santuri mbili tatu mfululizo, gramu mia moja kichwani si kitu kidogo.

Na hapo ndipo suala la starehe linapoingia, ambalo wauzaji wengi hulipuuza kwa sababu halionekani kwenye kijitabu. Hedifoni hutofautiana kwa namna zinavyokutana na sikio. Zipo za kuchomekwa tunduni, zipo zinazokaa juu ya sikio na kulibana, na zipo zinazolizingira sikio lote na kuegemea mfupa wa kichwa. Kwa usikilizaji wa saa nyingi nyumbani, hizi za mwisho ndizo zenye huruma, ila kwa sharti kwamba sikio litoshee ndani.

Sikio la mtu mzima huwa na urefu wa sentimita sita na zaidi, na huendelea kurefuka kidogo kadiri miaka inavyosonga. Babu ana sikio kubwa kuliko alilokuwa nalo akiwa kijana. Kikombe cha hedifoni chenye tundu la sentimita tano kitamkalia juu ya ukingo wa sikio, na ukingo huo una gegedu isiyopenda kukunjwa. Kina nacho kina maana yake. Mwenye masikio yaliyochomoza akivaa hedifoni zenye mito myembamba, ncha za masikio hugusa kitambaa cha ndani, na mguso huo mdogo huwa kero baada ya dakika ishirini.

Kwa sababu hiyo, jaribio la dakika tano dukani ni la uongo. Dakika tano za kwanza, kila hedifoni ni tamu. Mnunuzi anayejua anachokitafuta huomba akae nazo nusu saa au zaidi, akiwa ameketi jinsi anavyoketi nyumbani, kisha akazivua na kujigusa pande tatu: utosini, nyuma ya taya na ukingoni mwa masikio. Panapouma baada ya nusu saa patakuwa pabaya zaidi baada ya saa mbili.

Wanaovaa miwani wana shida yao. Mto unaobana huukandamiza mkono wa miwani kwenye fuvu, na maumivu ya kichwa yanayofuata mara nyingine hudhaniwa kuwa ya macho. Isitoshe, mkono huo huacha upenyo ambapo besi hutoroka, hasa kwa hedifoni za mgongo uliozibwa. Mito laini na minene ya mahameli huumeza mkono wa miwani vizuri kuliko ngozi bandia ngumu. Kofia, kilemba, hijabu na misuko mikubwa ya nywele huleta tatizo linalofanana na hilo, na aliyezoea kusikiliza akiwa amejitanda ni bora azijaribu hivyo hivyo.

Joto nalo si jambo la kupuuza. Mito ya ngozi bandia huzuia kelele lakini huloweka masikio, na mjini Mombasa au Lamu mwezi wa Februari ni adhabu. Aidha, ngozi hiyo huanza kubambuka baada ya miaka michache, ikiacha vipande vyeusi kwenye mashavu ya msikilizaji. Unyevu wa Pwani huharakisha uharibifu huo, kwa kuwa maji yaliyomo hewani huivunjavunja kemikali inayoshikilia sifongo na ngozi bandia. Mahameli hupumua, hufuliwa kwa mkono, na hudumu zaidi.

Hedifoni za mgongo wazi hupoza masikio kuliko zote, na sauti yake hufanana zaidi na ya chumba kuliko ya ndani ya debe. Lakini uwazi huo ni wa pande mbili. Aliyelala kando ya msikilizaji atasikia wimbo mzima, na msikilizaji naye atasikia matatu, mbwa na mkutano wa injili ulio mtaa wa pili. Mwenye chumba tulivu anafaa kuchagua zilizo wazi bila kusita. Asiye nacho hana budi kuchukua zilizozibwa, kama vile DT 770 ya omu 250, na kuvumilia joto.

Nguvu ya kubana hubadilika. Hedifoni mpya zenye utepe wa chuma hulegea zikiachwa usiku kucha zikiwa zimekumbatia rundo la vitabu lenye upana wa kichwa au zaidi kidogo. Za plastiki tupu hazikubali mbinu hiyo, na zikilazimishwa huvunjika. Zile zisizobana kabisa pia si nzuri, maana huteleza msikilizaji anapoinama kugeuza santuri. Na santuri, tofauti na simu, hutaka kugeuzwa kila baada ya dakika ishirini hivi.

Hilo linauleta waya. Waya wa mita moja na robo uliotengenezewa mfuko wa suruali haufiki kwenye kiti. Mita tatu ndizo zinazofaa sebuleni. Waya uliosokotwa kama wa simu ya mezani huvuta kichwa upande mmoja, na wapo wasioustahimili. Plagi nene ya milimita 6.35 ndiyo inayoingia kwenye vyombo vingi vya kale, na kipachiko cha kuigeuza ile nyembamba ya milimita 3.5 hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli na kwingineko.

Baadhi ya vyombo vya Ulaya vya miaka ya sabini havina tundu hilo. Vina tundu la matundu matano yaliyopangwa kama alama za tano kwenye dadu, na plagi yake iliweza kuingizwa kwa njia mbili: njia moja ilizima spika, nyingine iliziacha zikilia. Kipachiko cha aina hiyo hulazimu kutafutwa au kuundwa na fundi.

Kuhusu mafundi, lipo jambo moja linalostahili kusemwa bila kupindapinda. Fundi akiambiwa sauti ya hedifoni ni ndogo, huenda akashawishika kuzitoa rezista na kuunganisha tundu moja kwa moja na waya za spika. Hilo lisikubaliwe kamwe. Rezista hizo ndizo zinazosimama kati ya wati thelathini na masikio ya mtu. Kosa moja la mkono kwenye kifundo, au kuharibika kwa transista moja, kunaweza kuunguza hedifoni na kumjeruhi aliyezivaa.

Asiyetaka kuachana na hedifoni zake za omu 32 ana njia nyingine iliyo salama. Amplifaya nyingi za kale zina matundu ya kurekodia kaseti nyuma, ambayo hutoa muziki kabla haujafika kwenye kifundo cha sauti. Amplifaya ndogo ya kisasa ya hedifoni ikiunganishwa hapo, chombo cha zamani hubaki na kazi ya kuiandaa sauti ya sindano, nacho kipya huendesha hedifoni bila rezista kubwa kuingilia kati. Kinachopotea ni matumizi ya vifundo vya besi na treble vya mbele, ambavyo kwa kawaida haviathiri tundu hilo. Hedifoni zisizo na waya pia huweza kuunganishwa kupitia kirusha mawimbi, ingawa ni vigumu kuona maana ya kuhangaika na santuri kisha kuigeuza kuwa tarakimu hatua mbili kabla ya sikio.

Kabla ya hedifoni mpya kuchomekwa kwenye chombo kilichokaa kabatini miaka mingi, chombo chenyewe kinahitaji kukaguliwa. Kapasita huzeeka, na zikivuja huachilia umeme wa mkondo mmoja kufika kwenye tundu. Fundi mwenye mita huweza kuupima kwa dakika chache. Ukiwa zaidi ya makumi machache ya milivolti, amplifaya inahitaji matengenezo kwanza. Kilicholetwa kutoka Marekani au Japani kihakikiwe volti, kwani kiliundwa kwa volti 120 au 100, nasi tunatumia 240. Amplifaya za valvu zenye transfoma ya kutolea sauti nazo haziachwi zikiwaka bila spika wala mzigo wowote, isipokuwa kama mtengenezaji amezipa njia ya kujilinda.

Amplifaya nyingi za zamani pia hutoa kishindo zinapowashwa. Spika kubwa hukivumilia. Sikio lililofunikwa haliwezi. Utaratibu mzuri ni kuwasha chombo kwanza, kurudisha kifundo cha sauti chini kabisa, kisha ndipo hedifoni zivaliwe. Wakati wa kuzima, zivuliwe kwanza.

Kifundo chenyewe huwa na historia. Vumbi la miaka arobaini humfanya akwaruze anapozungushwa, na mwanzoni kabisa mwa mzunguko wake upande mmoja huweza kulia kuliko mwingine. Hedifoni za simu, ambazo hulia kwa nguvu kwa umeme kidogo, humlazimisha msikilizaji kubaki katika sehemu hiyo mbovu ya kifundo. Zenye omu nyingi humruhusu kukifungua hadi mahali ambapo pande zote mbili zimelingana. Dawa ya kusafishia vifundo husaidia, lakini haiondoi kasoro ya kuzaliwa.

Yote haya yangekuwa mambo ya anasa tu, lau si hatari inayoandamana na hedifoni za aina yoyote. Ndani ya sikio mna seli zenye vinywele vinavyopokea mtikisiko wa sauti, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa nne kwa wiki. Kwenye desibeli 100, ni takriban dakika ishirini pekee.

Amplifaya iliyotajwa hapo juu, ikifunguliwa hadi mwisho, huweza kuzipeleka hedifoni za omu 300 kupita desibeli 110. Hakuna kengele inayolia. Tena hedifoni nzuri huhadaa, kwani sauti isiyo na mikwaruzo haisikiki kuwa kubwa hata inapokuwa kubwa. Mpenzi wa santuri aliyepita miaka hamsini, ambaye noti za juu zimeanza kumpotea, hushawishika kuongeza sauti ili azifuate. Kwa kufanya hivyo huzifukuza zaidi.

Dalili za kuzingatia ni rahisi. Aliye umbali wa mkono mmoja akilazimika kupaza sauti ili asikike, muziki umezidi, hasa kwa hedifoni za mgongo wazi. Masikio yakivuma au kupiga mluzi baada ya hedifoni kuvuliwa, yalikuwa yameelemewa, na yanahitaji kupumzishwa. Mluzi usiokoma unahitaji daktari.

Wenye upungufu wa kusikia hawajafungiwa mlango. Aliyepoteza uwezo zaidi katika sikio moja anaweza kutumia kifundo cha mizani kuusawazisha, ila kwa kiasi, asilitwike sikio dhaifu mzigo. Na aliyepoteza sikio moja kabisa hukosa nusu ya wimbo anaposikiliza stirio, kwani ala zilizowekwa upande huo hazimfikii. Amplifaya za kale zina kitufe cha mono ambacho huunganisha pande zote mbili. Kitufe hicho kidogo humrudishia gitaa lililokuwa limepotea. Wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia nao huhitaji vikombe vyenye kina, maana kifaa kikibanwa hupiga mbinja.

Kitufe hichohicho kina faida kwa kila mtu. Santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa umma mwaka wa 1958, na nyingi za santuri ndogo za mzunguko wa 45 zilizotoka Nairobi katika miaka ya sitini ni za mono. Zikichezwa kwa sindano ya stirio, sauti yote imo katika mwendo wa sindano wa kushoto na kulia, ilhali sehemu kubwa ya mikwaruzo ya vumbi imo katika mwendo wa juu na chini. Kitufe cha mono kikibonyezwa, mwendo wa juu na chini hujifuta wenyewe. Kwa spika tofauti husikika kidogo. Kwa hedifoni, ni kama mtu aliyefunga dirisha la barabarani.

Santuri za stirio za mwanzo nazo zina kero yake. Wahandisi wa miaka ya sitini waliweza kuweka waimbaji wote kulia na ngoma zote kushoto. Kwenye spika, kila sikio hupata kidogo cha upande wa pili, na ubongo hutulia. Hedifoni huukata ukaribu huo, na baada ya nyimbo chache kichwa huchoka bila mtu kujua sababu. Mnamo 1961 mhandisi Benjamin Bauer alieleza namna ya kuvusha kiasi kidogo cha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baadhi ya amplifaya za hedifoni za leo zina swichi ya kazi hiyo. Asiye nayo ana kitufe cha mono.

Mvumo wa umeme ambao spika ziliuficha pia hujitokeza. Kabla ya kulaumu hedifoni, waya mwembamba wa kutuliza umeme unaotoka kwenye mashine ya santuri uangaliwe kama umefungwa kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Mara nyingi umening'inia.

Limebaki suala la kununua. Hedifoni kuukuu zenye asili huwa na thamani, mradi mito na waya wake bado hupatikana. Sifongo za zamani zilizogeuka unga si kasoro ya kuogopesha iwapo mtengenezaji au wengine wangali wanauza mbadala, jambo ambalo ni kweli kwa HD 600, DT 880 na hata ile HD 414 ya sifongo za manjano. Waya wa HD 600 huchomoka na kubadilishwa na yeyote. Wa DT 880 umechomelewa ndani, hivyo ukikatika ni kazi ya fundi.

Kuhusu bidhaa bandia, macho hayatoshi, kwa sababu sanduku na nembo huigwa vizuri. Ipo njia inayochukua nusu dakika. Mita ya fundi ikiwekwa kwenye kipimo cha omu, ncha moja iguse kichwa cha plagi na nyingine iguse shina lake. Hedifoni ya omu 300 itaonyesha idadi iliyo karibu na hiyo, pengine pungufu kidogo, na upande wa pili utaonyesha vivyo hivyo. Ikionyesha 30, mnunuzi airudishe sandukuni, amshukuru muuzaji na kushika njia.